Benchi Lililojichunguza

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa aache kwanza, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili. Nimeisimulia mara tatu. Mara ya kwanza wasikilizaji walibishana mpaka chai ikapoa. Mara ya pili mume na mke walinuniana siku mbili. Mara ya tatu bibi mmoja aliniuliza mimi mwenyewe ningeamua vipi. Leo nawaletea ninyi. Mwanzo ninao, katikati ninayo, mwisho sina.

Palikuwa na Chuo cha Ualimu Itundumali, huko nyanda za juu kusini ambako ukungu huamka kabla ya watu. Chuo kilikuwa na timu ya mpira, lakini timu yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Miaka mitatu haikushinda mechi hata moja. Mwaka wa tatu ilifungwa mabao saba kwa bila, na gari la chuo likarudi kwa njia ya nyuma ya soko ili wachezaji wasionekane. Bodi ya chuo ikakaa, ikatazama uwanja, ikasema: udongo ule ni mzuri, tulime viazi.

Mkuu wa chuo, Bi. Agripina Mlowe, akainuka. "Nipeni mwaka mmoja," akasema. "Timu isipotwaa Kombe la Vyuo, leteni plau, na mimi mwenyewe nitashika mbegu."

Akamwita Kocha Lwitiko Mwangoka. Huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye kufunga vifungo vyote vya koti hata jua likiwaka. Mpira aliujua. Watu ndio waliomshinda. Zamani aliwahi kufundisha timu ya ligi, akawa na msaidizi aliyekula naye sahani moja. Msaidizi yule akawa anapeleka kikosi kwa wapinzani kabla ya mechi. Mwangoka akafungwa mara nne mfululizo, akafukuzwa, na msaidizi akakalia kiti chake. Tangu hapo mtu akimchekea alimshuku, na asiyemchekea alimshuku zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kocha Mwangoka alikuwa akishtuka kila saa.

"Nitakaa mwaka mmoja tu," alimwambia mkuu wa chuo. "Nijenge benchi la ufundi, niijenge timu, kisha nikapumzike kwangu Tukuyu."

"Na baada yako?"

"Atabaki mmoja wa wasaidizi wangu. Andaa barua ya ajira ya kudumu, jina uliache wazi. Mwisho wa mwaka nitaliandika."

Wakatafutwa wasaidizi watatu.

Wa kwanza, Hosea Kiwale, kipaji chake kilikuwa jicho. Alikuwa mshika kibendera miaka kumi na miwili, na katika kukimbia pembeni mwa mistari alijifunza kusoma miguu. Mchezaji akikanyaga hivi, mpira utakwenda kule. Akirudi nyuma hatua tatu badala ya nne, atapiga chini. Hosea alikuwa mtu wa maneno machache, baba wa watoto wanne, na mfukoni hakukosa daftari dogo la jalada jekundu.

Wa pili, Tusekile Mwaipaja, kipaji chake kilikuwa mkono. Alisomea uuguzi, akawa mkimbiaji wa mbio ndefu, na alipostaafu kukimbia akaanza kuwafundisha wengine kukimbia. Akiweka kiganja kwenye paja la mchezaji alijua jana amelala saa ngapi. Mchezaji akificha maumivu, kiganja kilimsaliti. Tusekile alikuwa na mama mgonjwa hospitalini huko kwao, na habari hiyo hakumwambia mtu.

Wa tatu, Zuberi Chitanda, kipaji chake kilikuwa sikio. Wengi walidhani ni mdomo, kwa sababu alikuwa mcheshi, lakini wachezaji walijua. Zuberi alisikia kilichonyamaziwa. Kijana akisema "niko sawa, mwalimu," Zuberi alikaa kando yake, akaanza kuzungumzia mahindi, na baada ya robo saa kijana alikuwa analia na mambo yametoka. Ila Zuberi alikuwa na doa moja: zamani alichezea Chuo cha Lihangwa, na Lihangwa ndio waliowafunga Itundumali yale mabao saba. Kule walimtupa alipovunjika mguu. Lakini nani angeapa kwamba hakubaki na rafiki huko?

Basi jicho, mkono na sikio wakakutana, wakapeana mikono, na kila mmoja alijua barua ni moja.

Sasa sikilizeni alichokifanya Kocha Mwangoka.

Wiki ya kwanza alimwita Hosea peke yake kwenye chumba cha vifaa, akafunga mlango. "Hosea, wewe una macho. Hawa wenzako wawili siwajui. Niangalizie. Ukiona jambo, niletee."

Hosea akafikiri. "Nitaangalia, Kocha," akasema, na jioni ile akafungua ukurasa mpya kwenye daftari.

Siku ya pili alimwita Tusekile. "Binti yangu, wewe ni mtu wa hospitali, unajua kutunza siri. Hosea na Zuberi siwajui. Niangalizie."

Tusekile akamtazama. "Kocha, mimi naangalia miguu. Kazi ya kuangalia watu mpe mwingine." Akatoka. Lakini hakumwambia mtu yeyote kwamba aliombwa.

Siku ya tatu alimwita Zuberi. "Kijana, watu wanakufungukia. Hosea na Tusekile wana nini mioyoni? Niangalizie."

Zuberi akacheka. "Sawa, Kocha, hilo halina shida." Akatoka, na kicheko kikaishia mlangoni.

Hivyo ndivyo benchi lilivyoanza kazi. Mikutano ilifanyika Chumba Namba Nne, na mlangoni Kocha aliweka kikapu cha kutumbukizia simu. Karatasi zote zilichanwa baada ya kikao. Kila msaidizi alikuja na chupa yake ya chai, na hakuna aliyemmiminia mwenzake. Tusekile akiandika jambo, Hosea alitazama. Hosea akiandika, Zuberi alikaa kimya akisikiliza kalamu. Mtu akikohoa, wawili waligeuka.

Hata hivyo timu ikaanza kusimama, na hapo ndipo ninaposhangaa hadi leo. Mabeki waliokuwa wakikimbia kama kuku waliofunguliwa sasa walisimama kwenye mstari. Walishinda mechi ya kwanza bao moja kwa bila, na wapishi wa chuo wakatoka jikoni na miko yao wakicheza. Wakashinda ya pili. Mshambuliaji mmoja, Laurian Msigwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akaanza kuimbwa mjini. Na langoni alisimama Nuhu Mfugale, kijana mpole, mikono mirefu, ambaye kaka yake wa damu alikuwa akisoma Lihangwa.

Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Lihangwa hao hao.

Kocha Mwangoka alikuwa ametunga kona ya peke yake: wachezaji wawili wanakimbilia mlingoti wa karibu wa lango, mpira unapigwa mbali, Laurian anatokea nyuma. Waliifanyia mazoezi asubuhi na mapema, kabla ya watu kuamka. Lakini siku ya mechi kona ilipopigwa, mabeki wa Lihangwa hawakuwatazama hata kidogo wale wawili. Walikwenda moja kwa moja kwa Laurian, watatu wakamzunguka kama wamealikwa. Kona ya pili ikawa vile vile. Mpira wa adhabu, vile vile. Itundumali wakafungwa mawili kwa bila.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wachezaji wote, Kocha akasimama na koti lake lililofungwa.

"Ndani ya nyumba hii kuna panya," akasema.

Hakutaja jina, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Nusu ya macho yakamgeukia Zuberi. Nusu yakamgeukia Nuhu.

Zuberi alikuwa mtu mzima, akavumilia. Nuhu hakuweza. Wenzake waliacha kumpa pasi mazoezini. Bwenini mtu aliandika neno "MUUZAJI" kwa mkaa juu ya kitanda chake. Jumatatu asubuhi Nuhu alikunja godoro, akakabidhi glovu kwa mtunza vifaa, akarudi kwao Lupalilo kuchimba viazi.

Itundumali wakaendelea na kipa wa akiba. Robo fainali wakaponea chupuchupu. Nusu fainali wakafuzu kwa bao la dakika za mwisho, kipa akiwa ameshaangusha mipira miwili. Na fainali ikawa dhidi ya nani? Lihangwa.

Ilibaki wiki moja.

Jumamosi ile Zuberi alimfuata Tusekile uwanjani, akiwa na begi begani.

"Dada Tuse, nina neno limenikaa kooni miezi kumi. Kocha alinituma nikuchunguze wewe na Hosea."

Tusekile akaendelea kukunja kamba za mazoezi. "Na mimi alinituma niwachunguze ninyi. Nikakataa."

"Ulikataa? Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Zuberi akalishusha begi. "Sikumpelekea kitu hata kimoja," akasema. "Nakuapia. Lakini nilisema sawa, na hiyo sawa inaniuma. Ningesema mapema, labda Nuhu asingeondoka. Nakwenda kumrudisha."

"Kocha anajua?"

"Akijua atasema nakwenda Lihangwa."

Akaondoka kuelekea stendi. Na Hosea, aliyekuwa amesimama nyuma ya ghala la mbao, alimwona akiondoka na begi. Akajisemea: leo ndiyo leo. Akamfuata.

Njia ya stendi hupita kando ya Chumba Namba Nne. Jumamosi chumba kile hutumiwa na watu wa mjini wanaojifunza kompyuta, na yeyote hukaribishwa. Hosea akapita dirishani, jicho lake likaingia ndani kwa mazoea, na miguu ikasimama yenyewe.

Ubaoni, upande wa kulia, kulikuwa na mchoro wa kona. Mishale, miduara, herufi za majina. Juu yake, kwa chaki nyekundu na herufi kubwa, kulikuwa kumeandikwa: USIFUTE. L.M. Hizo zilikuwa herufi za jina la Kocha mwenyewe. Wafagizi walikuwa wametii. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametii. Kocha aliyetia simu za watu kikapuni na kuchana kila karatasi alikuwa akichora ubaoni kila Ijumaa na kuacha mchoro wake ulale pale mpaka Jumatatu. Na kwenye benchi la mwisho mwanafunzi mmoja mzee hakuwa akinakili somo. Alikuwa akinakili upande wa kulia. Hosea alimfahamu. Alikuwa kocha msaidizi wa Lihangwa.

Hosea hakumfuata tena Zuberi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kocha, akamkuta anapalilia maboga.

"Kocha, panya nimemwona."

Kocha akatupa jembe. "Ni Zuberi! Nilijua!"

"Siyo Zuberi. Wala Nuhu. Wala Tusekile. Twende ukaone."

Wakasimama wawili dirishani. Kocha Mwangoka akatazama mwandiko wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti, ikiwa mara ya kwanza Hosea kumwona akifanya hivyo.

"Watu wakishatoka nitachora uongo," akasema. "Tuwategee."

"Hapana, Kocha. Tufute. Tukianza kudanganya na huku, hatutajua tena nani anamdanganya nani."

Somo lilipokwisha Kocha akaingia mwenyewe, akafuta.

Huku nyuma Zuberi alikuwa amefika Lupalilo. Alimkuta mama yake Nuhu barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kumtukana, geuza hapo hapo. Ametukanwa ya kutosha."

"Nimekuja kuchimba viazi, mama."

Akavua viatu, akaingia shambani, akachukua jembe. Alichimba kwenye tuta la pili kutoka kwa Nuhu, na hakusema kitu mpaka magunia mawili yakajaa. Nuhu ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, na wewe ulinishuku?"

Zuberi angeweza kusema hapana. Wachezaji wengi wamerudishwa kwa uongo mdogo kuliko huo. "Siku mbili," akasema. "Siku mbili nilikushuku."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikumbuka kwamba wenzangu wananishuku mimi, na mimi najua sikufanya. Nikaona haya."

Nuhu akakung'uta udongo mikononi. Akalia kidogo, akacheka kidogo, na Jumapili akarudi naye. Kocha Mwangoka aliwakusanya wachezaji wote, akasimama mbele yao, akasema, "Nilimtafuta panya kwenu, kumbe shimo nililitoboa mimi. Nuhu, nisamehe, mwanangu." Wachezaji waliinamisha vichwa. Aliyeandika kwa mkaa akaenda mwenyewe na ndoo ya maji.

Mngedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Tusekile alikwenda kwa Hosea.

"Zuberi ameniambia alitumwa. Mimi nilitumwa. Na wewe?"

Hosea akatoa daftari jekundu, akampa. Tusekile akafungua. Zuberi akasimama nyuma yake akisoma. Kila siku ilikuwemo. Zuberi amecheka na mtu asiyejulikana getini. Zuberi amechelewa dakika sita. Na ukurasa mmoja: Tusekile amezungumza kwa simu dakika kumi na moja nyuma ya jiko. Amefuta macho. Amesema, "Wasijue."

"Ile siku," Tusekile alisema polepole, "daktari alikuwa ananiambia mama atakatwa mguu."

Hosea akafumba macho. "Dada, sikujua."

"Ungeniuliza, Hosea. Ulikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Ukaandika."

"Nilitumwa."

"Na mimi nilitumwa."

"Lakini," Zuberi akaingilia, "asingekuwa anatuchunguza, asingepita dirishani. Tungekuwa bado tunaitana panya."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nasema tu lililotokea."

Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuondoka siku ile, na hakuna ambaye angelaumiwa. Hatimaye Tusekile akarudisha daftari. "Tumalize fainali," akasema. "Baada ya hapo kila mtu na njia yake."

Siku ya fainali ikafika. Watu walijaa mpaka juu ya paa la karakana. Wajumbe wa bodi walikaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao, kwa ukali tu, alikuwa amekuja na mtu wa trekta.

Asubuhi Tusekile aliweka kiganja kwenye paja la Laurian. Akakiacha pale. Akamtazama usoni. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Naomba usimwambie Kocha."

Akaenda akamwambia Kocha. "Laurian asianze. Akianza, dakika ya thelathini atatoka kwa machela na msimu ujao hatacheza. Akiingia dakika ishirini za mwisho, miguu itamtosha."

Na Kocha Mwangoka, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameomba radhi mbele ya watu, akakunja uso. Ugonjwa wa zamani haupoi kwa dozi moja. "Nani kakutuma umtoe mchezaji wangu bora siku ya fainali?"

Tusekile akaiendea meza. Akachukua karatasi, akaandika: Laurian Msigwa amezuiwa kuanza kwa amri yangu. Akasaini jina lake kamili, akambandikia Kocha mezani. "Tukifungwa, wasomee bodi hiyo."

Laurian akakaa benchi. Watu wakazomea. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao, Nuhu akiokoa mipira mitatu ambayo kipa wa akiba angeitazama tu ikipita. Dakika ya sabini Laurian akaingia. Mabeki wa Lihangwa walikuwa wamechoka, yeye alikuwa mbichi. Dakika ya themanini na moja akawaacha wawili kama wamefungwa kamba, akaupeleka mpira kwenye kona ya nyavu. Moja bila. Wapishi wakapiga masufuria.

Dakika ya themanini na tisa, beki wa Itundumali akaushika mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari. Penalti.

Nahodha wa Lihangwa akaweka mpira. Hosea akatoka benchi, akapita kwa haraka pembeni mwa watazamaji mpaka karibu na kibendera cha kona, mahali ambapo Nuhu angemwona. Walikuwa wamekubaliana ishara: kofia kichwani, ruka kushoto, kofia mkononi, ruka kulia. Nahodha akaanza kurudi nyuma. Hosea alikuwa amemsoma miguu katika ile mechi waliyofungwa mawili kwa bila: akirudi kwa mstari ulionyooka atapiga kulia kwa kipa, akirudi kwa upinde atapiga kushoto. Nahodha akarudi kwa mstari ulionyooka. Hosea akavua kofia.

Nuhu akaona. Lakini akasita. Habari za daftari zilikuwa zimeshavuja, kama habari zote huvuja, na kijana alijua kwamba jina lake pia limo ndani. Aliyemwonyesha kofia ndiye aliyemwandika. Je, kama ni mtego?

Kutoka benchi Zuberi akakuona kule kusita. Akaruka mstari, kadi ya njano ikamfuata, naye akapiga kelele kwa sauti ambayo watu wa juu ya paa waliisikia: "Nuhu! Mwamini!"

Filimbi. Nahodha akakimbia. Nuhu akaruka kulia, vidole vikaugusa mpira, mpira ukagonga mwamba, ukatoka nje.

Kombe likatua Itundumali. Mtu wa trekta akaondoka kabla ya nyimbo. Uwanja ule mpaka leo ni uwanja.

Jumatatu asubuhi Bi. Agripina Mlowe alimweka Kocha Mwangoka kwenye kiti, akamwekea barua mbele, na kalamu juu yake. "Jina moja, Kocha. Nimeomba mawili, nimekataliwa. Wawili mikataba yao inaisha leo."

"Wewe ungesema nani, Mama Mkuu?"

"Hosea. Alikutii, ukweli ukapatikana, na kofia yake ikaleta kombe. Chuo kinataka mtu wa kutii."

Mtunza vifaa, aliyekuwa akipita na jezi, akachungulia. "Samahani, Mama. Alitii jambo baya. Dada Tusekile alilikataa siku ile ile, na bila mkono wake hakuna bao. Huyo ndiye wa kuachiwa watoto wa watu."

"Alikataa, ndiyo," Bi. Mlowe akajibu, "kisha akanyamaza miezi kumi. Angesema neno moja, Nuhu asingelala na jina la mkaa kichwani."

Nje ya dirisha wachezaji walikuwa wamekusanyika. "Mwalimu Zuberi!" walisema. "Yeye ndiye aliyesema ukweli, kwa wenzake na kwa Nuhu. Bila yeye kipa asingerudi, na hata angerudi asingeruka."

"Alisema ukweli," Kocha Mwangoka akanong'ona, "baada ya kuniambia sawa usoni. Aliyenifukuzisha kazi naye aliniambia sawa usoni."

Wasaidizi watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, nafasi ya mtu mmoja kati ya kila wawili. Waliitwa, wakaulizwa: nani anataka kusema neno la kujitetea? Wote wakatikisa vichwa. Ila Kocha alipowatazama aliona kila mmoja akiwatupia jicho wenzake wawili, upesi, kama mtu anayepima. Na yeye hakujua lile jicho lilikuwa la shaka au la huruma. Kazi ya kuwafundisha kutazamana hivyo ilikuwa yake.

Akaichukua kalamu.

Basi ndugu zangu, mimi naishia hapo. Kuna aliyetii amri mbaya na kwa kuitii akaufikia ukweli. Kuna aliyeikataa amri mbaya na siri yake akaifunga kifuani. Kuna aliyeikubali kwa mdomo, akachelewa, kisha akaifichua. Toa jicho, penalti inaingia. Toa mkono, bao halipo. Toa sikio, langoni hayupo Nuhu.

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako: kalamu iko mkononi mwako. Ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ungewatazama vipi wale wawili waliobaki?